Kazi Iliyonyimwa Jina la Kazi

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi Marekani, hunipigia simu kila baada ya miezi michache. Kazi yake ni kwenda nyumbani kwa mwanamume mmoja aliyepooza baada ya ajali: humnyanyua kitandani, humwogesha, humvisha, humlisha, kisha humsindikiza hadi kituo cha basi ili awahi kazini. Mara ya mwisho aliniambia jambo lililonikaa moyoni: “Mwalimu, nyumbani wanajua niko hospitalini. Nikisema ukweli, watasema nimevuka bahari kwenda kuwa hausigeli.”

Sikumlaumu. Aibu ile haikuanza naye. Ina historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa na sheria za nchi anayoishi.

Mwaka 1938 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Watumishi wa majumbani na vibarua wa mashambani waliachwa nje. Katika majimbo ya kusini, hizo ndizo kazi walizofanya watu weusi wengi. Sheria haikuhitaji kutaja rangi ili ibague. Mwaka 1974 watumishi wa majumbani waliingizwa, lakini wanaowahudumia wazee na watu wasiojiweza wakabakizwa nje, kwa hoja kwamba wao ni watu wa kumpa mwenzao kampani tu.

Katika miaka hiyohiyo, watu wenye ulemavu walikuwa wakipigania uhuru wao. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio akiwa na umri wa miaka 14, alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962. Kwa kuwa alihitaji mashine kubwa ya kumsaidia kupumua, alipewa makazi katika hospitali ya chuo. Wenzake wenye ulemavu wakamfuata, na kutokana na harakati zao kikazaliwa, mwaka 1972, Kituo cha Maisha ya Kujitegemea. Hoja yao ilikuwa nzito: kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako. Ni kuamua mwenyewe uamke saa ngapi, ule nini, na nani aingie chumbani mwako. Msaidizi awe mtu unayemchagua na kumwelekeza wewe, wala asiwe bwana wako kwa jina la huruma.

Hapo ndipo penye fundo la historia hii. Uhuru wa mmoja ulisimama juu ya mabega ya mwingine aliyelipwa ujira mdogo. Evelyn Coke, mhamiaji kutoka Jamaica, alifanya kazi hii New York kwa miaka mingi, kisha akadai mahakamani malipo ya saa za ziada. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kauli moja. Alifariki mwaka 2009, kabla ya kanuni mpya ya mwaka 2013 kuwapa wenzake wengi haki aliyoidai.

Ushindi mwingine ulipatikana kwa umoja. Mwaka 1999, wahudumu wapatao 74,000 wa Los Angeles walipata haki ya kuwakilishwa na chama cha wafanyakazi, baada ya kampeni ya zaidi ya miaka 10. Baadhi ya watu wenye ulemavu walikuwa na hofu ya haki kabisa: mishahara ikipanda na bajeti ikabaki palepale, saa za kuhudumiwa zitapunguzwa. Wengine waliona kwamba mhudumu mwenye njaa huondoka, na anayeachwa kitandani ni wao.

Na sisi je? Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 19 ya mkataba huo inamtaja msaidizi binafsi. Lakini asubuhi, anayenyanyua ni mama, au dada aliyeacha shule, au binti aliyeletwa kutoka kijijini kupika, kisha akakabidhiwa na mgonjwa. Kazi hiyo tunaiita moyo, huruma, thawabu. Ni maneno mazuri, lakini yanatenda kilekile kilichotendwa na neno “kampani”: yanaifuta kazi, na kazi iliyofutwa haiingii kwenye bajeti.

Kwa hiyo, ninyi mnaoandaa mipango ya halmashauri, ulizeni swali moja kabla ya kuandika “familia itahudumia”: nani hasa katika familia hiyo, kwa saa ngapi, na ameacha nini?

Nilimshauri mwanafunzi wangu awaambie ndugu zake ukweli. Alinyamaza kidogo, akasema ataanza na mama yake, kwa sababu mama yake alimhudumia bibi aliyepooza kwa miaka saba bila siku ya mapumziko, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema kwamba mama alikuwa kazini.