Kalamu na Deni

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa uandishi wa hesabu za biashara ni elimu iliyoletwa na Wazungu pamoja na meza za ofisi. Dhana hii inatudhuru. Mwenye duka akiiamini huziweka hesabu zake kichwani, na siku anapokufa huzikwa nazo.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, imekuja kueleza deni. Waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu wameamrishwa waandike, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Wala wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono ndiyo iliyosamehewa. Wanavyuoni wengi wamesema amri hii ni ya kupendekezwa, si ya wajibu. Sisi tumeifanya kama kwamba haikuteremka! Na tazama jambo moja: mwenye kutamka yatakayoandikwa ni mdeni, si mdai. Kwa kuwa kauli yake ni kukiri juu ya nafsi yake, mdai hapati nafasi ya kuongeza hata senti moja. Na mdeni akiwa hawezi kutamka, walii wake humtamkia kwa uadilifu.

Imepokewa kuwa Abu Hurayra (r.a.) alirudi kutoka Bahrain na dirham 500,000. Sayyidna Umar (r.a.) alistaajabu, akamwuliza kama anajua asemalo. Akashauriwa afuate desturi ya Waajemi, na kwa kauli ya wengi ilikuwa mwaka wa 20 Hijria (641) alipoweka diwani, yaani daftari la majina na haki ya kila mtu katika Baitul Mali. Waandishi wake walikuwa Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, mahodari wa nasaba. Walipouweka ukoo wa Umar karibu na mwanzo, aliukataa utaratibu ule, akataka watu wapangwe kwa ukaribu wao na Mtume (s.a.w.), na yeye awekwe pale nasaba yake ilipomweka. Ni wangapi leo wenye daftari mkononi wangefanya hivyo?

Ni kweli kuwa njia ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, ilielezwa katika kitabu cha mtawa Luca Pacioli kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Naye alieleza tu walivyokuwa wakifanya wafanya biashara wa mji ule. Lakini tarakimu zilizorahisisha kazi hiyo, Leonardo wa Pisa alijifunza utotoni Bugia, mji wa Waislamu katika Algeria ya leo, akazieneza kwao kwa kitabu chake cha mwaka 1202. Nasi tulizipata kwa Wahindi.

Zaka ya biashara nayo yataka daftari: kila mwaka ukitimia, bidhaa zithaminiwe kwa bei ya siku ile, zijumlishwe na fedha taslimu, na ikitimia nisabu itolewe asilimia 2.5. Asiyeandika hukisia.

Nimepata kuitwa kugawa mirathi ya mwenye duka mmoja. Madeni ya maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya urithi. Wakaja watu watatu kudai, hapana karatasi wala shahidi. Na wale waliodaiwa na marehemu, hakuja hata mmoja. Watoto walitaka kulipa ili baba yao apumzike kaburini. Lakini walipe kiasi gani, na wamlipe nani?