Taya la Chini: Mfupa Mmoja au Miwili?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Kila aliyesoma Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi amepita mlango wa udhu, pale mpaka wa uso unapotajwa: kuanzia maoteo ya nywele hadi chini ya mwisho wa lahyayni, yaani mataya mawili. Washereheshaji wanaeleza kuwa hiyo ni mifupa miwili inayoota meno ya chini, nayo hukutana kidevuni. Kijana wetu anayesomea utabibu wa meno hufundishwa kuwa taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja. Baadhi yao hutatizika, wakadhani hawana budi kukanusha moja katika elimu hizi mbili. Tumeona tulirejeshe suala hili kwenye historia yake.

Waarabu walisema lahyayni kabla vitabu vya Wagiriki havijafasiriwa. Neno limo katika Hadithi ya Bukhari juu ya anayedhamini kilichoko baina ya mataya yake, nao ni ulimi. Upande wa matabibu, Galen (Jalinus) wa karne ya 2 Miladia ndiye aliyeandika kuwa taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana, na waliokuja baada yake wakampokea kwa mamia ya miaka.

Kisha akaja Abdul-Latif al-Baghdadi (1162–1231). Huyu hakuwa tabibu tu: alisoma Hadithi, nahau na fiqhi tangu utotoni, na akafundisha Al-Azhar. Alikuwapo Misri mto Nile uliposhindwa kujaa, ikaingia njaa kubwa ya mwaka 1200 hadi 1202, watu wakafa hata wakakosa wa kuwazika. Mahali paitwapo al-Maqs, karibu na Cairo, palikuwa na kilima cha mifupa ya watu. Yeye alikadiria maiti zaidi ya 20,000. Akaenda kutazama. Yeye na wenzake walikagua mafuvu zaidi ya 2,000, na hawakuona kiungo kidevuni hata kwenye moja. Akaandika kuwa Galen ana daraja kubwa katika uhakiki, lakini ushahidi wa macho ni mkweli zaidi. Hakutosheka na hapo. Akakagua tena mifupa ya makaburi ya kale huko Busir. Ulaya ilisubiri kitabu cha Vesalius cha mwaka 1543 ndipo jambo hilo lienee kwao.

Hata hivyo Galen tusimdharau. Mtoto mchanga huzaliwa na taya la chini lenye vipande viwili, navyo huungana katika mwaka wake wa kwanza. Mbwa wengi hubaki na kiungo hicho maisha yao yote.

Je, hukumu imetikisika? Imam Nawawi alizaliwa mwaka 631 Hijria, miaka miwili tu baada ya kufariki al-Baghdadi, naye akaandika kuwa kila taya lina nusu ya diya. Kwa maoni yetu hakuna mgongano wowote. Fakihi anagawa pande mbili za uso, kulia na kushoto, kila upande na manufaa yake; hahesabu mifupa kama anavyoihesabu tabibu. Mpaka wa uso katika udhu nao haubadiliki kwa mfupa kuwa mmoja.

Panapohitajika hesabu ya tabibu ni kwenye meno. Jino moja la Muislamu mwanamume huru ni ngamia 5, na kwa kauli sahihi zaidi ya Mashafi'i fidia ya meno haiingii ndani ya diya ya mataya. Basi aliyeondolewa pande zote mbili za taya la chini pamoja na meno yake 16 anastahiki ngamia 100 na wengine 80. Lakini si kila mtu ana meno 16 chini: magego ya mwisho, nawajidh, huchelewa, na kwa wengine hayaoti kabisa. Kadhi atamuuliza tabibu kwanza yalikuwa mangapi.

Wallahu a'lam.