Taa za Mchana

"Mzee, samahani, sikukuona."

Maneno hayo aliyasema dereva wa Hiace aliyetukosa kwa upana wa kiganja karibu na Kiabakari, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Alikuwa akilipita lori. Alisimamisha gari mbele kidogo, akarudi kwa miguu, akaamkia kwanza ndipo akaomba radhi. Baba aliitikia shikamoo yake, akamwambia aende salama. Mimi nilitaka kugomba. Mtu anakosaje kuiona pikapu nzima mchana kweupe?

Tulipofika Makutano nilishuka, nikaenda mbali kidogo na kuitazama Hilux ya Baba kama anavyoiona mtu anayekuja. Ilitoka kiwandani ikiwa ya kijivu, na miaka zaidi ya thelathini ya vumbi la Butiama imeifanya ifanane na barabara yenyewe. Lami ilikuwa ikitoa mazigazi. Kila niliporudi nyuma hatua kadhaa, gari lilizidi kuyeyuka, hadi likabaki doa lisilojulikana kama limesimama au linakuja. Yule dereva hakuwa mwongo.

Barabara hii ya Mwanza hadi Sirari ina makaburi yake. Ijumaa ya Septemba 5, 2014, mabasi mawili, moja likitoka Mwanza na jingine likienda huko, yaligongana uso kwa uso eneo la Sabasaba, wilayani Butiama. Watu zaidi ya 35 walikufa. Sisemi kwamba taa zingewaokoa. Nasema tu kwamba haikuwa usiku.

Magari mawili yanayokwenda kilomita 80 kwa saa, yakitazamana, yanakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Anayetaka kulipita lori akichelewa sekunde tano kukutambua, mita 220 zimeshaliwa. Hapo breki hazina tena la kusema.

Wa kwanza kuligeuza wazo hili kuwa sheria walikuwa watu wa nchi za giza. Mwaka 1972 Finland iliwataka madereva wawashe taa mchana wakati wa majira ya baridi, kwenye barabara za nje ya miji. Kule jua la majira hayo hutambaa chini karibu na upeo, na siku hupita kama magharibi isiyokwisha. Mwaka 1977 Sweden ikaenda mbali zaidi: taa ziwake mwaka mzima, kila barabara. Kanada nayo ikaamuru kila gari jipya lililoundwa kuanzia Desemba 1, 1989 liwe na taa zinazojiwasha zenyewe. Umoja wa Ulaya ulifuata Februari 2011 kwa aina mpya za magari madogo.

Katika miaka hiyo ya sabini na themanini, Wasweden walikuwa wakituletea Scania, zikiunganishwa Kibaha. Malori yalifika na kupanda milima yetu yote, lakini desturi ya taa ilibaki kwao. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilikuwa ya mwaka 1973, na kwetu taa ilikuwa kitu cha kuona njia gizani. Nani angewasha taa chini ya jua la Mara?

Walikuwapo waliowasha, ila kwa maana nyingine. Mtoto wa Butiama anajua tangu udogoni kwamba magari yakija na taa mchana, ama ni kiongozi, ama ni harusi, ama ni maiti. Mwalimu Nyerere alizikwa hapa Oktoba 23, 1999, na kila Oktoba 14 inapokaribia misafara huongezeka. Madereva nao wana lugha yao: taa zikipepeswa mara mbili, mbele kuna trafiki. Na ukiwa umewasha tu bila sababu, kila unayepishana naye atakufumbia na kukufumbulia vidole kukukumbusha kwamba umesahau taa.

Kwa hiyo nilipomwambia Baba tufunge taa za mchana, alicheka. "Watu watadhani tuna msiba."

"Bora wadhani, Baba."

Alikaa kimya hadi asubuhi. Akaniambia nimpeleke kwa fundi.

Kuwasha taa kubwa mchana kutwa lilikuwa jibu rahisi, lakini si kwa gari la umri ule. Balbu mbili za wati 55 zinakula karibu ampea tisa, na swichi, nyaya na alteneta vyote ni vikongwe. Taa ndogo mbili za LED hazifiki hata ampea mbili. Dukani Musoma tulionyeshwa za buluu na nyekundu pia. Tulichukua nyeupe, maana nyekundu ni ya nyuma. Ukiiweka mbele unamdanganya mwenzako kuhusu upande unakoelekea.

Fundi wa umeme, kijana mwenye mikono mizuri, alikuta nyaya zilizoliwa na chumvi ya dagaa tuliokuwa tukipakia Mwigobero. Alikwangua bodi hadi bati likang'aa ili eathi ishike. Akachukua moto kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, akaweka fyuzi ya ampea tano, akapitisha kwenye relei, ile swichi inayosukumwa na umeme badala ya kidole. Kazi ya relei ilikuwa kuzima taa za mchana mara taa kubwa zinapowashwa, zisimuumize macho anayekuja usiku. Ili ijue wakati huo, fundi aliiunganisha na waya wa dimu.

Tukawasha gari. Taa za mchana hazikuwaka. Fundi akawasha taa kubwa. Zikawaka zote.

"Kijana wangu," Baba akasema, "umenifungia taa za mchana zinazofanya kazi usiku."

Fundi alichukua taa yake ya kupimia, akainama kwa muda mrefu. Kosa halikuwa la mikono yake. Katika magari mengi, swichi huipelekea balbu moto. Katika Hilux nyingi za zamani ni kinyume: moto unakaa kwenye balbu wakati wote, na swichi inachofanya ni kuifungulia njia ya eathi. Kwa hiyo waya wa dimu ulikuwa na moto taa zikiwa zimezimwa, na ulipoteza moto zilipowashwa. Relei ilitii kile ilichoambiwa. Tungeondoka hivyo, ingeendelea kunyonya betri usiku kucha gari likiwa limelala uani.

Fundi akauhamisha waya kwenye taa za paki, ambazo hupelekewa moto kwa njia ya kawaida. Tukajaribu tena. Ufunguo, taa za mchana. Taa za paki, zikazimika. Baba alizunguka mbele ya gari, akasimama mbali nalo, pale pale ambapo mimi ningesimama, akakunja uso akilitazama.

"Sasa linaonekana linakuja," akasema.

Kesho yake tulikwenda Bunda na magunia ya mahindi. Kuanzia Makutano watu walianza kutupigia taa. Wengine walifumba na kufumbua vidole. Dereva wa bodaboda alipiga kelele, "Taa, mzee, taa!" Baba alimpungia kila mmoja kwa heshima, kama mtu anayepokea salamu. Karibu na Kiabakari Hiace moja ilianza kutoka nyuma ya lori, ikachungulia, ikarudi nyuma yake na kungoja tupite.

Tulipofika Bunda nilimwambia nilikuwa nikiwahesabu. Watu kumi na mmoja wametuambia tumesahau taa.

Baba alizima gari, akachomoa ufunguo.

"Basi kumi na mmoja wametuona," akasema, akashuka kutafuta wapakuzi.