Huduma za Afya Vijijini katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania

Huduma za afya vijijini katika Nyanda za Juu Kusini ni jumla ya vituo, watumishi, fedha na taratibu ambazo kwazo wakazi wa vijiji vya mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe hukingwa na maradhi, hutibiwa na hupewa rufaa pale ugonjwa unapozidi uwezo wa kituo kilicho karibu nao. Hadi mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa na mikoa miwili tu, Iringa na Mbeya. Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka huo, na Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,192,728 mkoani Iringa, 889,946 Njombe, 2,343,754 Mbeya na 1,344,687 Songwe.

Usawa wa afya, ambao ndio kipimo kikuu cha makala hii, maana yake ni kutokuwapo kwa tofauti za kiafya zinazoweza kuepukika baina ya watu, ziwe zimeletwa na umbali, umaskini, jinsia au elimu. Kwa kipimo hicho eneo hili ni la pekee kwa sababu tatu: ni ghala la chakula la taifa lakini lina watoto wengi waliodumaa, lina maambukizi ya virusi vya UKIMWI (VVU) yaliyo juu kuliko sehemu nyingi za nchi, na ndiko ulikozaliwa mpango wa lishe uliobadili namna dunia inavyoelewa utapiamlo.

Umbali na majira

Mkazi wa Mlandege, ambayo ni kata ya mjini katika Manispaa ya Iringa, hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kwa bajaji au hata kwa miguu. Hali ni tofauti kwa mkazi wa bonde la Pawaga, wa miteremko ya Udzungwa wilayani Kilolo, wa vilele vya Kipengere wilayani Makete, au wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa vilivyobanwa baina ya maji na Milima ya Livingstone. Barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita Ilula, Mafinga, Makambako, Chimala na Mbeya, na vijiji vilivyo kandokando yake vina nafuu kubwa. Lakini barabara za vumbi zinazoingia milimani huwa matope na utelezi katika msimu wa mvua, unaoanza Novemba na kufikia Aprili au Mei. Msimu huohuo ndio wa kulima na kupalilia, hivyo mama mjamzito hukabiliwa kwa wakati mmoja na kazi nzito, njia mbovu na akiba ya chakula inayopungua.

Ngazi za huduma

Mfumo wa Tanzania umepangwa kwa ngazi. Zahanati, ambayo kwa kawaida huhudumia kijiji na hukusudiwa kwa watu wasiozidi 10,000 hivi, hutoa matibabu ya nje, chanjo, kliniki ya mama na mtoto na uzalishaji usio na matatizo. Kituo cha afya huhudumia kata au tarafa na hulaza wagonjwa, na vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji. Juu yake ipo hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa eneo hili Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo huduma zake za wazazi hutolewa katika hospitali ya Meta. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya husimamiwa na halmashauri chini ya ofisi inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), ilhali Wizara ya Afya hutunga sera, huweka viwango na husimamia hospitali za rufaa.

Sehemu kubwa ya huduma za hospitali vijijini hutolewa na mashirika ya dini. Tosamaganga ya Wakatoliki katika Wilaya ya Iringa, Ikonda ya Wamisionari wa Consolata na Bulongwa ya Walutheri wilayani Makete, Ilembula na Ilula za Walutheri, Chimala wilayani Mbarali na Isoko ya Wamoravian wilayani Ileje ni mifano inayojulikana. Pale serikali isipokuwa na hospitali yake, huweza kuingia mkataba na hospitali ya kanisa ili iwe hospitali teule, yaani ifanye kazi za hospitali ya wilaya kwa ruzuku na watumishi wa serikali, kama ilivyokuwa kwa Tosamaganga.

Historia

Tiba ya kisasa iliingia vijijini pamoja na misheni. Wamoravian na Wamisionari wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walishika misheni za Iringa. Serikali ya kikoloni ilielekeza zaidi fedha zake kwenye hospitali za miji, kwa hiyo ramani ya hospitali za vijijini ilifuata ramani ya misheni, na athari ya jambo hilo ingali inaonekana.

Baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Richard Titmuss, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1964, ilishauri nchi ijenge mtandao wa vituo vya afya badala ya kurundika fedha katika hospitali kubwa. Azimio la Arusha la 1967 liliupa ushauri huo nguvu ya kisiasa, na katika miaka ya 1970 zahanati zilienea sambamba na vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, vikundi ambavyo kazi yake ya baada ya majadiliano ilikuwa kuchimba vyoo, kufyeka mazalia ya mbu na kusafisha vyanzo vya maji. Hivyo azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi liliikuta Tanzania imekwisha kuanza safari.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 ulizikuta zahanati hizo zikiwa na majengo bila dawa za kutosha. Huduma binafsi za kutafuta faida, zilizowekewa marufuku mwaka 1977, ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 ukaanza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya gharama. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 hadi 2017 ulirudisha lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Wananchi walisomba mawe, walifyatua tofali na kuinua maboma, nayo serikali ikaahidi kuyapaua na kuyapa watumishi, ahadi ambayo katika vijiji vingi ilichelewa kutimia.

Mpango wa Lishe wa Iringa

Tukio kubwa zaidi katika historia ya afya ya vijiji vya eneo hili ni mpango wa pamoja wa lishe ulioanza mwaka 1983/84 katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, chini ya serikali ya Tanzania, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia na kwa ushauri wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973.

Kiini chake kilikuwa siku ya afya ya kijiji, iliyofanyika mara kwa mara katika mwaka. Watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa kwa mzani wa kuning'iniza, uzito ukachorwa kwenye kadi yenye maeneo ya rangi: kijani kwa mtoto anayekua vizuri, kijivu kwa mwenye uzito kati ya asilimia 60 na 80 ya unaotarajiwa kwa umri wake, na nyekundu kwa aliye chini ya asilimia 60. Kilichoutofautisha upimaji huo na ule wa kliniki za kawaida ni safari ya takwimu zake. Kabla ya kupelekwa wilayani zilisomwa mbele ya wazazi na viongozi wa kijiji, ambao walitakiwa kueleza kwa nini watoto fulani wako kwenye nyekundu na kuamua lifanyike nini kwa uwezo uliopo. Mzunguko huo wa kupima, kuchambua na kutenda, kisha kupima tena, ulizaa maamuzi ya kawaida kabisa: kituo cha kulelea watoto wakati mama wako shambani, uji wa kulishwa mara nyingi zaidi kwa siku, mashine ya kusaga iliyopunguza kazi ya wanawake, na posho ya wahudumu wa afya wa kijiji iliyotoka katika mfuko wa kijiji chenyewe.

Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka takribani asilimia 56 hadi 38, na wenye utapiamlo mkali kutoka takribani asilimia 6 hadi chini ya 2. Mwaka 1990 UNICEF ilikubali rasmi mchoro wa visababishi vya utapiamlo uliokuzwa kutokana na uzoefu huo, unaotenganisha sababu za moja kwa moja kama maradhi na mlo duni, sababu za ndani ya kaya kama malezi na usafi, na sababu za msingi kama umiliki wa mali na mgawanyo wa madaraka. Mpango ulienezwa katika mikoa mingine, lakini ufadhili ulipopungua, vijiji vingi viliacha kuendesha siku hizo kwa ukamilifu.

Ghala la chakula na udumavu

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake kutokana na lishe duni na maradhi ya muda mrefu. Ni kipimo tofauti na uzito pungufu, kwa hiyo takwimu zake haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za miaka ya 1980. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2015/16 uliukuta Mkoa wa Iringa ukiwa na udumavu wa asilimia 42 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 57, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa umeshuka hadi asilimia 30.

Mkoa huo huvuna mahindi, maharage, viazi na mboga na kuuza ziada yake nje ya mkoa, hivyo upungufu wa chakula shambani hautoshi kuwa maelezo. Maofisa lishe hutaja mlo wa mtoto unaotegemea mno uji mtupu wa mahindi, kuuzwa kwa maharage, mayai na maziwa badala ya kuliwa nyumbani, kazi nyingi za mama na ulezi unaoachiwa watoto wakubwa. Tangu 2017 serikali imetumia mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa huwajibika kwayo, na halmashauri hutakiwa kutenga kutoka mapato ya ndani angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Siku ya afya ya kijiji nayo imerejea kwa jina la Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji (SALIKI).

VVU

Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Msafara wa malori katika barabara kuu, vibarua wa msimu katika mashamba ya chai na misitu, na desturi ya kutotahiri wanaume miongoni mwa jamii nyingi za eneo hili ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Kampeni ya tohara ya kitabibu mkoani Iringa mwaka 2010 ilihudumia wanaume na wavulana zaidi ya 10,000 katika wiki 6. Kampeni hiyo ilipangwa katika miezi ya baridi, kuanzia Juni, wakati shule zimefungwa na kazi za shamba zimepungua, tena wakati ambao wenyeji huamini kidonda hupona upesi. Watumishi na vifaa vilipelekwa karibu na watu, na ratiba ikafuata kalenda ya wakulima.

Gharama, watumishi na rufaa

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, uliwawezesha wakulima kulipa mara moja kwa mwaka, hasa baada ya mavuno, na kutibiwa bila kulipa kila wanapougua. Ulipoboreshwa mwaka 2018 kiwango kiliwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 mikoani. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa dawa: mwanachama aliyeandikiwa dawa isiyopo zahanati alilazimika kuinunua duka la dawa muhimu kwa fedha taslimu, na mwaka uliofuata hakuona sababu ya kujiunga tena. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inalenga kuwafikia wananchi wote na kuweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee maskini wenye miaka 60 na zaidi husamehewa malipo kisera, lakini msamaha hauna maana pale vifaa vinapokosekana.

Katika zahanati, mganga mfawidhi, ambaye mara nyingi ni tabibu, pengine hubaki na muuguzi mmoja tu, na mmoja wao akienda semina au likizo, mwenzake hulala na simu masikioni. Ili kupunguza pengo hilo, mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikisha wahudumu 137,294 katika miaka 5, wanaochaguliwa na wakazi wa kitongoji au mtaa wao na kufundishwa kwa miezi 6. Kwa dharura za uzazi, mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea simu ya bure kwa namba 115, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama kituoni. Mahali ambapo mvua hufunga njia, hospitali kadhaa huweka nyumba ya kusubiria ambamo mjamzito huishi wiki za mwisho kabla ya uchungu kuanza.

Tathmini

Kitaifa, wanawake wanaojifungulia katika vituo waliongezeka kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi 81 mwaka 2022, na hayo ni matunda ya vituo kusogezwa karibu. Udumavu wa Iringa, hata hivyo, uliongezeka katika kipindi hichohicho, jambo linaloonyesha kwamba ukaribu wa jengo huondoa aina moja ya ukosefu wa usawa na kuziacha zile zinazotokana na mgawanyo wa kazi, chakula na maamuzi ndani ya kaya na kijiji. Tangu 2017/18 fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi hupanga matumizi yake. Kwa sheria na taratibu, basi, kijiji kina nyenzo ambazo vijiji 168 vya mwaka 1984 havikuwa nazo. Takwimu za kila mwezi, hata hivyo, hupanda kwenda wilayani na wizarani kwa urahisi kuliko zinavyorudi katika mkutano mkuu wa kijiji, na mpaka zitakaposomwa huko pamoja na bajeti ya zahanati, wanaopimwa watabaki hawana sauti katika uamuzi unaotokana na vipimo vyao.