Mwenye Ukuta Huondoka, Mto Hubaki



Mto Mubuku huanzia katika vilele vya Rwenzori, huteremka kwa kasi kupitia Bugoye, hufika tambarare ya Kasese, kisha humwaga maji yake katika Ziwa George. Kwa muda wa karibu miaka 70 mto huu umetumikishwa kuzalisha umeme. Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza, na kuuliza swali moja: mwenye mali aondokapo, ni nani anayebaki na wajibu wa kuta na mifereji aliyoijenga?

Shaba ya Kilembe ilijulikana tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini uchimbaji mkubwa ulianza katika miaka ya 1950, chini ya kampuni iliyoongozwa na Falconbridge ya Kanada. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ikawa ikipelekwa Jinja kuyeyushwa. Mgodi hauendi bila umeme; kwa hiyo kampuni ilijenga kituo chake yenyewe katika Mubuku, chenye uwezo wa megawati 5 hivi. Hapana ziwa kubwa lililozuiwa pale. Ukuta mfupi huukatiza mto, sehemu ya maji huingia mferejini, mfereji huyapeleka ubavuni mwa mlima, na bomba huyateremsha hadi kwenye mitambo. Yakiisha kazi, maji hurudi mtoni. Ilikuwa kazi ya maarifa, nayo ilikusudiwa kuuhudumia mgodi.

Mgodi haukudumu. Katika miaka ya 1970 wageni waliondoka na serikali ikauchukua. Kufikia mwaka 1982 uchimbaji wa shaba ulikuwa umesimama. Mwaka 1999 kampuni nyingine ilianza kutoa kobalti katika mabaki ya shaba yaliyokuwa yamerundikwa Kasese, nayo ikawa na kituo chake, Mubuku ya Tatu, cha megawati 10 hivi. Mabaki yalipokwisha, kobalti nayo ikakoma, na umeme wake ukauzwa kwa gridi ya taifa. Mwaka 2009 kilifunguliwa kituo cha Bugoye, yaani Mubuku ya Pili, cha megawati 13, kwa mtaji wa Norway. Mwaka 2013 mgodi wa Kilembe ulikodishwa kwa kampuni ya Tibet Hima ya China, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa.

Tazameni mfuatano huo. Shaba ilikuja ikaenda, kobalti ikaja ikaenda, na wenye mali wakapokezana. Katika miaka yote hiyo Mubuku haukusimama hata siku moja, wala haukuuliza jina la anayeumiliki ukuta ulio mbele yake.

Nao mto si mpole. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba, jirani yake Mubuku, ulifurika na kuleta maafa Kilembe na Kasese. Ulifurika tena mwaka 2014. Mwezi Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, ule upitao upande wa Bwera, yote ilivunja kingo zake. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa, na maelfu ya watu walipoteza makao. Mito ya Rwenzori ikifurika huteremka na miti mizima na mawe makubwa, na vitu hivyo ndivyo vinavyobomoa ukuta na kuziba malango ya maji.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha lipa gharama ya kulala. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya majuma mengi ya mvua, bwawa la udongo katika shamba la mtu binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka. Maji yaliteremka juu ya vijiji wakati watu wamo majumbani mwao, na watu wasiopungua 47 walikufa. Huko Derna, Libya, mabwawa mawili yaliyojengwa katika miaka ya 1970 yalivunjika mwezi Septemba 2023, na maelfu ya watu walichukuliwa na maji. Wataalamu walikuwa wamekwisha onya kwamba yahitaji kutengenezwa.

Ndugu askari, maafa kama hayo yakitokea, mtu wa kwanza kuitwa ni wewe. Kwa hiyo yafaa uzijue dalili. Maji yakivuja chini ya ukuta yakiwa safi, yatolewe taarifa; yakivuja yakiwa na tope, udongo wa ndani unachukuliwa, na hatari i karibu. Mto ukipungua ghafula huku mvua inanyesha milimani, usifurahi: huenda miti na mawe vimeuziba huko juu, na kizuizi kikiachia, maji yatashuka kwa pamoja. Watu waondolewe bondeni kwanza; maswali yafuate baadaye.

Wapo wanaosema kuta za zamani zibomolewe. Hatukubaliani nao upesi hivyo, kwa maana kituo cha zamani kikitunzwa vema huendelea kutoa umeme wenye manufaa kwa taifa. Lakini faida haiwezi kutangulia ulinzi. Mwenye kituo akosapo fedha za kukagua ukuta, hana haki ya kuuweka juu ya vichwa vya wananchi.

Askari amalizapo zamu haondoki hivi hivi. Bunduki huhesabiwa, risasi huhesabiwa, kasoro huandikwa daftarini, na anayepokea hutia saini mbele ya anayekabidhi. Tangu hapo, likitokea jambo, yajulikana nani wa kuulizwa. Twaona kwamba ukuta wa maji wastahili kukabidhiwa kwa utaratibu huo huo kila mwenye mali anapobadilika: ufa uandikwe, lango lijaribiwe, na jina la mpokeaji liwekwe wazi mbele ya serikali na mbele ya wananchi wa bondeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Na katika bonde la Mubuku, atakayechelewa kuziba ufa huenda asikute watu wa kuwajengea.