Kiroba, Kete na Sigara Moja Moja: Kinga Ianzie kwenye Kipimo

Mjadala wa kuwakinga vijana na vilevi katika Afrika Mashariki umezoea kuanzia moyoni mwa kijana. Maadili yamemomonyoka, husemwa. Wazazi wameacha kulea. Makundi ya kijiweni yamemteka mtoto. Ugonjwa ukishatajwa hivyo, dawa yake haiwezi kuwa nyingine ila nasaha: semina, mabango, hotuba ya mgeni rasmi. Makala haya yanashikilia hoja tofauti. Kabla ya kuuliza kijana anafikiri nini kuhusu pombe, sigara au unga, tuulize anauziwa kwa kipimo gani. Bidhaa zinazomnasa anayeanza zina tabia moja: zimegawanywa vipande vidogo hadi vikatoshana na sarafu iliyomo mfukoni mwake.

Kiroba ndicho mfano ulio wazi kuliko yote. Pombe kali iliyofungwa katika kifuko cha plastiki chenye mililita 50 au 100 haikuhitaji glasi wala kiti. Baa, kwa ubaya wake wote, ina macho: kuna mhudumu, kuna jirani, pengine kuna mjomba kwenye meza ya pembeni. Kiroba kilimwondolea mnywaji mchanga macho hayo yote. Kilinunuliwa dukani au kituo cha basi, kikafichwa kwenye mfuko wa kaptula ya shule, kikamalizwa njiani. Kenya ilivipiga marufuku vifuko hivyo mwaka 2004. Tanzania ilifuata tarehe 1 Machi 2017, baada ya tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwezi uliotangulia, na Uganda mwaka 2019. Hatua hizo hazikumwomba kijana abadili imani yoyote. Zilibadili kilichopo rafuni, na mtu aliyetaka pombe kali akalazimika kutafuta fedha ya chupa.

Watetezi wa nasaha watasema elimu ndiyo msingi. Lakini elimu ya aina hiyo imeshapimwa. Mpango wa DARE, ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1983, uliwapeleka polisi madarasani kufundisha madhara ya dawa za kulevya, ukaenea Marekani nzima. Tathmini zilizofanywa katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa wanafunzi walitoka na maarifa, ila matumizi yao baadaye hayakutofautiana kwa maana na ya wenzao ambao hawakufundishwa. Viwango vya kimataifa vya kinga vilivyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu mwaka 2013 vinaonya vilevile dhidi ya kutegemea vitisho na mihadhara. Vinasifu stadi za malezi na stadi za maisha, na sina ugomvi na hilo. Iceland, ambako wanafunzi wa miaka 15 na 16 waliokiri kulewa katika mwezi uliotangulia walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi 5 mwaka 2016, iliwahusisha wazazi kwa dhati. Lakini iliwawekea vijana pia saa za kuwa nyumbani usiku na kugharimia michezo yao ya jioni. Mzazi alipewa kitu cha kufanya, si lawama tu.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Maskini hununua kila kitu kwa kipimo kidogo: mafuta ya kupikia, sukari, sabuni. Kwa nini pombe peke yake ikatazwe kugawanywa? Kwa sababu kipimo kidogo cha mafuta kinamwezesha mtu kula leo, ilhali kipimo kidogo cha pombe kali kinampunguzia anayeanza gharama ya kuanza. Wengine wataongeza kwamba marufuku huwasukuma watu kwenye pombe haramu kama gongo na chang'aa. Hofu hiyo ina msingi; Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, na huko viroba vilikuwa vimekatazwa kwa miaka kumi. Ila pombe haramu ilikuwepo kabla ya kiroba, na wakati wa kiroba. Inadai udhibiti wake yenyewe; haigeuki kuwa hoja ya kurudisha kifuko.

Udhaifu wa kweli wa hoja hii uko kwenye utekelezaji, kama sigara inavyoonyesha. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku kinataka nchi zijitahidi kukataza uuzaji wa sigara moja moja, na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inadai pakiti isiyopungua sigara kumi. Kibandani, hata hivyo, sigara moja bado inauzwa karibu na pipi, pengine na kiberiti cha kuazima.

Kete ya heroini, yaani kipakiti kidogo cha unga, haisikii sheria ya vifungashio, na hapo hoja ya kipimo inafika mpakani. Ila haipotei. Kete hufika mikononi mwa kijana kupitia wauzaji wadogo, na wengi wao ni watumiaji wanaouza ili wapate kete yao wenyewe kabla arosto, maumivu ya kuikosa dawa, haijawakamata. Kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, iliyofunguliwa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011 huhesabiwa kama tiba na kama kinga ya VVU, na ni sawa. Ingestahili kuhesabiwa pia kama kinga ya vijana ambao bado hawajaonja: anayekunywa dozi yake kliniki kila asubuhi hana sababu ile ile ya kushinda maskani akigawa kete.