Uainishaji wa nafasi za wachezaji wa mpira wa kikapu

Uainishaji wa nafasi za wachezaji wa mpira wa kikapu ni utaratibu wa kumweka kila mchezaji katika kundi kulingana na kazi yake uwanjani, ili takwimu zake zilinganishwe na za wenzake na ili aweze kupigiwa kura za tuzo. Kanuni za mchezo zinataka kila timu ianze na wachezaji watano, lakini hazisemi nani awe katika nafasi ipi. Kwa hiyo nafasi ni jina linalotolewa na kocha, mtunza takwimu au mpiga kura, na mchezaji mmoja anaweza kupewa majina tofauti.

Nafasi tano

Kwa desturi nafasi hutajwa kwa namba:

* 1 – pointi gadi: huongoza mpira na kupanga mashambulizi;
* 2 – shutingi gadi: hutegemewa kwa mitupo ya mbali;
* 3 – fowadi mdogo: hufunga kutoka mbali na karibu;
* 4 – fowadi mkubwa: hucheza karibu na kikapu na kugombea ribaundi;
* 5 – senta: kwa kawaida ndiye mrefu kuliko wote, hulinda kikapu na kuzuia mitupo.

Kwa ajili ya tuzo na orodha rasmi, nafasi hizi tano mara nyingi hupunguzwa kuwa makundi matatu: gadi (G), fowadi (F) na senta (C). Mchezaji wa nafasi mbili huandikwa kwa herufi mbili, kama F-C.

Katika takwimu

Nafasi husaidia kulinganisha wachezaji wanaofanya kazi inayofanana. Gadi anayezuia mtupo mmoja kila mchezo hushangaza watu, ilhali kwa senta ni jambo la kawaida. Vivyo hivyo senta anayetoa pasi nyingi za kufungia huonekana wa pekee.

Ugumu hutokea pale mchezaji anapobadilisha kazi. Tim Duncan wa San Antonio Spurs aliteuliwa mara nyingi kuwa fowadi katika kikosi bora cha NBA, lakini mwaka 2013 aliteuliwa kuwa senta. Tovuti kadhaa za takwimu sasa hukadiria asilimia ya muda ambao mchezaji ameutumia katika kila nafasi, badala ya kumpa jina moja.

Katika tuzo

Tuzo ya mchezaji bora wa msimu (MVP) haiangalii nafasi. Kikosi bora cha NBA, kwa upande mwingine, kwa miongo mingi kilikuwa na gadi wawili, fowadi wawili na senta mmoja. Matokeo yake ni kwamba senta wa pili kwa ubora hakuweza kuingia kikosi cha kwanza. Katika msimu wa 2020–21 na wa 2021–22, Joel Embiid kutoka Kamerun alikuwa wa pili katika kura za MVP nyuma ya Nikola Jokić wa Serbia, na mara zote mbili aliwekwa kikosi cha pili. Msimu wa 2022–23 mambo yaligeuka: Embiid alikuwa MVP, naye Jokić, aliyekuwa wa pili, akawekwa kikosi cha pili.

Jambo hili linahusu pia fedha, kwa kuwa baadhi ya wachezaji hupata haki ya mkataba mkubwa zaidi wakiteuliwa katika vikosi hivyo. Mwaka 2021 fowadi Jayson Tatum alikosa nafasi ingawa alikuwa na pointi nyingi za kura kuliko Kyrie Irving, aliyeingia kikosi cha tatu akiwa gadi. Kwa kukosa huko, mkataba wa Tatum ulipungua kwa zaidi ya dola milioni 30.

WNBA iliondoa sharti la nafasi katika kikosi chake bora mwaka 2022, na NBA ikafuata katika msimu wa 2023–24. Katika vyuo vikuu vya Marekani mwelekeo ni tofauti: tangu 2015 kila moja ya nafasi tano ina tuzo yake, na ile ya senta ina jina la Kareem Abdul-Jabbar.

Mfano wa Hasheem Thabeet

Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Akiwa senta wa Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia mitupo zaidi ya 400 katika misimu mitatu. Mwaka 2009 alishirikiana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East, na mwaka huohuo Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika uteuzi wa NBA. Tuzo hiyo haikugawanywa kwa nafasi, ndiyo maana wachezaji wawili wa chini ya kikapu waliweza kuipata pamoja.

Istilahi za Kiswahili

Neno "mlinzi" hutumika kwa maana mbili: gadi, na mchezaji hodari wa kuzuia. Thabeet alipewa tuzo ya mlinzi bora wa Big East mwaka 2008 na 2009, lakini hakuwa gadi. Kutumia "gadi" kwa nafasi na "mchezaji bora wa ulinzi" kwa tuzo huondoa utata huo.